Shimo la Tisa

Kabula mwanangu,

Katika ripoti ile uliyoifunga kwa mpira na kuilaza juu ya nguo zako kuna shimo moja la uongo. Ni shimo la tisa. Niliandika kwamba tulilichimba mahali ambapo hatukulichimba, na jambo hilo nimelificha kwa miaka yote ambayo wewe umekuwa ukikua, ukisoma, na ukinisifia kwa watu kwa sababu ya ripoti hiyohiyo.

Ninaandika mchana huu ukiwa umekwenda stendi kukata tiketi. Mama yako yuko jikoni, anakupakia michembe, vile viazi vikavu, kwenye ule mfuko wa mchele kutoka Kagongwa. Mambo ya chakula, dawa za malaria, na nani wa kumpigia simu ukifika, atakuambia yeye, na atakuambia mara tatu. Mimi sina cha kuongeza huko. Vumilia mwandiko, ninaandikia kitandani. Daktari ameacha kunipangia tarehe za kurudi hospitali. Anasema nirudi nikijisikia vibaya. Mtu aliyesoma anaelewa maana yake.

Jumapili ulikaa hapa kitandani kwangu ukaifungua ramani. Ulikuwa na furaha, sijakuona hivyo tangu uhitimu. Ukaniambia kampuni yenu imepewa kazi ya kuupima upya mgodi ule wa zamani upande wa Geita, kwa sababu kijiji kinataka kujenga shule pale, na kwamba wewe ndiye utakayepanga mashimo. Ukaweka kidole upande wa kaskazini ukasema, "Upande huu tutauruka, Baba. Wewe ulishaumaliza." Nikajibu, "Sawa." Tangu siku hiyo nimejaribu kukuita mara tatu. Mara ya kwanza ulikuja na uji, mara ya pili ulikuja na mama yako, mara ya tatu ulikuja peke yako ukanishika mkono, nikashindwa zaidi.

Basi nianze.

Mgodi ulipofungwa wewe ulikuwa hujaanza shule. Matangi ya dizeli yalikuwa upande wa juu, karibu na karakana, na bomba lililopita chini ya sakafu ya zege lilikuwa likivuja. Limevuja kwa muda gani, hakuna aliyejua. Mitambo ilipoondolewa na zege likavunjwa, udongo uliokuwa chini ulikuwa mweusi na wenye kung'aa, kama umepakwa samli. Nikatumwa mimi na watu wachache. Kazi zilikuwa mbili: kujua dizeli imefika wapi, na kuusafisha udongo ulioharibika.

Kazi ile ya pili tuliifanya vizuri, mayu, na ninataka ujue hivyo ili usidhani kwamba baba yako alikuwa mwongo siku zote. Nakuita mayu kama mama yangu uliyerithi jina lake, na wewe huwa unacheka, leo niruhusu. Tulichimbua udongo wote wa eneo la matangi, tukautandaza kwenye matuta mapana juu ya turubai nzito, tukauchanganya na samadi ya ng'ombe, tukawa tunaumwagilia na kuugeuza kila wiki ili vijidudu visivyoonekana kwa macho vipate hewa na kuyala yale mafuta. Wanakijiji walikuwa wakija kutuangalia kama wanaangalia mchezo. Mzee mmoja aliniambia, "Bwana Udongo, samadi yote hiyo na hupandi hata mtama? Njoo ulishe shamba langu, hilo angalau litakushukuru." Jina la Bwana Udongo likanibakia. Masanja, aliyekuwa fundi wangu wa kutoboa, alikuwa akiwajibu, "Mwacheni. Nyinyi mnafuga ng'ombe, huyu anafuga ardhi." Baada ya misimu miwili udongo ule uliota majani peke yake. Niliyang'oa machache nikayaleta nyumbani, nikakuonyesha. Uliyapeleka kwa mbuzi wa jirani.

Tatizo lilikuwa kazi ya kwanza.

Masanja nitakueleza habari zake, kwa sababu utamhitaji. Ni Msukuma wa vijiji vya kule kule, aliishia darasa la saba, alilima pamba na dengu kabla ya kuja mgodini. Mimi nilikuwa nimesomea udongo kule Morogoro na kurudi na cheti chenye muhuri. Tulipotembea naye siku ya kwanza, mimi nilishika ramani, yeye alikuwa akitembea peku. Akaniambia bila kuulizwa, "Hapa mbuga. Hapa bado mbuga. Sasa hapa tumeingia luseni." Mbuga ni ule udongo mweusi mzito unaokamata mguu wakati wa mvua, luseni ni mchanga mwepesi unaopitisha maji kama chujio. Nilipotoboa nikakuta kila alichosema ni kweli. Kulikuwa na mkanda wa luseni uliotoka chini ya matangi, ukapita chini ya uzio, ukateremka kaskazini hadi kwenye kisima cha kitongoji. Mkanda mwembamba, kama kijito kilichozikwa. Kuku angeweza kuuvuka kwa hatua chache. Lakini dizeli ikiingia kwenye luseni haina sababu ya kutoka.

Tukapanga mashimo tukiufuata. Kila shimo tulitoboa kwa kile chuma kirefu cha kuzungusha kwa mikono, tukachukua udongo, tukautia kwenye chupa ya kioo na maji, tukatikisa, tukaacha utulie. Udongo wenye mafuta unaachia juu ya maji utando wa rangirangi. Shimo la sita lilikuwa na utando. La saba pia. La nane lilikuwa na utando hafifu, lazima uinamishe chupa kwenye jua ndipo uuone. La tisa ndilo lingetuambia kama mafuta yanaishia pale au yanaendelea kwenda kisimani. Maji ya kisima chenyewe tuliyapima, na mwaka ule yalikuwa safi kabisa. Hilo ni kweli, usilitilie shaka. Dizeli hutembea polepole.

Alama ya shimo la tisa iliangukia ndani ya ua wa minyaa wa mama mmoja. Jina lake Mama Kulwa, na kile kisima kilikuwa chini kidogo ya ua wake. Alikuwa mama wa mapacha. Kulwa alikuwa msichana wa kuchota maji na kuchunga mbuzi, na Doto alikuwa amekufa akiwa mchanga. Tulipofika na chuma chetu, Mama Kulwa alikuwa anapalilia karanga. Akatufuata na jembe begani, bila haraka.

"Hapo hapana," akasema.

"Mama, ni tundu dogo tu," nikamwambia. "Upana wa kiganja."

"Doto yuko hapo. Hata tundu la sindano hapana."

Masanja akavua kofia. Mimi nikatazama chini, nikaona mawe matatu yamepangwa kwenye kivuli cha minyaa, madogo sana. Nilikuwa karibu kuyakanyaga.

Nikamwambia, "Basi, Mama Kulwa, tumekuelewa. Hatutamsumbua mtoto."

Akatutazama kama mtu aliyejiandaa kwa ugomvi na ugomvi haukuja. Akanishukuru, "Wabeja, Bwana Udongo. Wengine wangekuja na polisi." Akaenda ndani akatuletea karanga mbichi kwenye ungo, tukakaa tukala. Akamtania Masanja kwamba mtu mwenye miguu mipana hivyo anapaswa kulipa kodi ya ardhi mara mbili.

Umejifunza chuoni kwamba shimo linaweza kuhamishwa. Ni kweli. Ukikuta mwamba, ukikuta nyumba, ukikuta kaburi, unahamisha, unaandika umehamisha wapi na kwa nini. Hakuna dhambi katika kuliheshimu kaburi. Na nafasi ilikuwepo. Hatua kumi tu chini ya ule ua, kabla ya kufika kisimani, tungekuwa bado ndani ya luseni ileile. Masanja aliliona hilo kabla yangu.

"Twende chini, bosi," akasema tulipotoka uani. "Kule mbele luseni inaendelea."

"Twende kando," nikamwambia.

"Kando kule ni mbuga."

"Najua."

"Mafuta hayaendi mbuga."

"Masanja, chimba."

Akachimba. Bado nasikia kile chuma kikizunguka. Udongo mweusi ulikuwa unaking'ang'ania kama ugali ambao haujaiva, akawa anaukwangua kwa kisu. Nikautia udongo kwenye chupa, nikatikisa. Maji yakatulia, juu yake hakuna hata doa. Masanja akaitazama chupa, kisha akanitazama mimi. "Safi," akasema. "Tungechimba nyumbani kwangu pia tungekuta safi." Nikacheka. Na yeye akacheka, kwa sababu mimi nilikuwa bosi.

Jioni ile nilijaza fomu. Mahali pa vipimo vya ramani niliandika vile vya kaburini, si vile vya mbugani. Sikuandika neno kuhamisha. Mkubwa wangu alikuwa amepiga simu asubuhi akiuliza yamebaki mashimo mangapi, nikamwambia moja. Akasema likitoka safi anapeleka barua Ijumaa, mgodi unafungwa rasmi, na kazi zote za namna ile katika kanda yetu zitakuja chini yangu. Hakunituma kudanganya. Nimejaribu mara nyingi kumkumbuka akinituma, na hakunituma.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba nilimheshimu mama aliyefiwa. Nilikuwa ninaisimulia hadithi ile kwa watu, hata wewe umeisikia, jinsi baba yako alivyokataa kutoboa kaburi la mtoto. Wanafunzi wangu wa mafunzo walikuwa wananyamaza kwa heshima nikifika pale. Sikuwaambia kilichotokea moyoni mwangu Mama Kulwa aliposema hapana. Nilifurahi, mwanangu. Nilisikia mzigo unashuka mabegani. Nilikuwa naogopa chupa ya tisa tangu nilipoinamisha ya nane kwenye jua, na mama yule akanipa mlango wa kutokea, nami nikapita, nikajificha nyuma ya mawe matatu ya mtoto wake.

Sina mengi ya kukufundisha kuhusu kazi. Unajua vifaa ambavyo mimi sikuwahi kuvigusa. Hili moja tu nimelinunua mwenyewe. Siku utakapozuiwa kufanya jambo na ukajiona umepata nafuu, usiondoke mahali pale upesi. Kaa. Jiulize ulikuwa unaogopa kuona nini. Mimi niliondoka upesi, nimekula karanga na kushukuriwa.

Na watu wa peku uwasikilize. Sisemi kwamba wanajua kila kitu. Masanja alikuwa anaamini mambo mengine ya ajabu, mengine ya kuchekesha. Lakini juu ya ardhi ile alisema kweli mara zote, na mimi nilitumia elimu yangu kumnyamazisha, siyo kumpinga, maana sikuwa na hoja.

Barua ilitoka Ijumaa. Uzio ukang'olewa, watu wakagawana nguzo. Walinipa mkono. Tangu hapo nina tabia ambayo mama yako anaijua ila hajui imetoka wapi: nikikosa usingizi huwa nahesabu. Ananisikia moja, mbili, tatu, anadhani nahesabu ng'ombe wa marehemu babu yako. Ninafika nane, ninanyamaza, kisha ninasema kumi. Aliwahi kuniuliza mbona naruka. Nikamwambia nimesinzia.

Hata mchana mambo hayo yananifuata. Mvua ikinyesha hapa Kambarage na maji yakatuama mbele ya gereji ya jirani, yakawa na zile rangi juu, mimi sipiti pale. Umeshawahi kunishika mkono ukinihimiza, "Baba, ni kidimbwi tu." Nikakuzungusha nyuma ya maduka, ukachafua viatu vya shule, ukakasirika. Nilikuwa namwona Kulwa na ndoo yake.

Mwaka jana Masanja alinipigia simu kunijulia hali. Katika mazungumzo akasema visima vingine vyote vya kitongoji vimekauka kwa jua hili, wamebaki na kile cha kwa Mama Kulwa. Nyumba zote zinachota pale. Sikumwuliza maji yake yakoje. Vocha yake ikaisha.

Kwa hiyo kesho ukifika, usianze na mashimo. Anza na kisima. Kifunge, hata kama watakutukana, na hakikisha wanaletewa maji mengine siku hiyohiyo, kwa sababu ukifunga bila kuleta watafungua usiku. Chukua maji upeleke maabara. Mtafute Masanja, bado anaishi karibu na mnada; mwambie nimesema akuonyeshe hatua kumi, ataelewa. Toboa pale, chini ya ua. Kaburi usiliguse. Kisha fuata luseni juu na chini mpaka uone mwisho wake kwa macho yako, siyo kwa karatasi yangu.

Viongozi wako watakuuliza kwa nini unachimba mahali ambapo ripoti inasema ni safi. Wape barua hii. Najua utakachotaka kufanya. Utataka kusema kulikuwa na kosa la vipimo, kifaa kilikuwa kibovu, zamani teknolojia ilikuwa duni. Utakuwa umenizika vizuri, na mimi nitakuwa nimekufundisha kazi yangu mbaya kuliko zote. Jina langu liandike kama lilivyo. Nitakuwa nimeshakwenda, au nitakuwa hapa kitandani. Kote huko haliniumizi kama lilivyoniumiza likiwa safi.

Mama Kulwa mwendee mwenyewe. Usimtume mtu. Mwamkie, kaa chini, mwambie wewe ni mtoto wa Bwana Udongo. Asipokukaribisha usilalamike.

Nilipanga kuishia hapo. Nimeweka kalamu chini nikanywa maji, nikasikia mama yako anaimba huko jikoni, nikafikiri, inatosha, mtoto ameshajua pa kuchimba. Lakini mpaka hapa umesoma habari za mtu mwoga aliyekosea fomu moja na hakujua matokeo yake. Ukimwendea Mama Kulwa na habari hiyo peke yake, yeye atakuambia iliyobaki, na sitaki uisikie kwake.

Ulikuwa kidato cha nne. Siku moja mlango ulibishwa ukafungua wewe. Mama mmoja aliyechoka na safari, kitenge cha kijani, kandambili zimejaa vumbi. Ulimpa shikamoo, ukamletea maji ya bomba, alikunywa glasi mbili akakuambia, "Maji yenu matamu, mwanangu." Kisha ukaenda kusoma. Uliniuliza baadaye ni nani, nikasema mtu wa kazini.

Aliniamkia, akakaa. Tukaulizana habari za mvua na za Masanja. Kisha akasema, "Nimekwenda kwa mtendaji nikamwambia maji yangu yamebadilika. Akasema karatasi inasema pale ni safi. Nikamwuliza karatasi ameiandika nani. Akanisomea jina lako. Nikasema, basi huyo namjua, ni muungwana, aliniachia mwanangu alale. Nimeona nije kwako mwenyewe."

Akatoa kwenye kikapu kitu alichokifunga kwa kipande cha kitenge. Akakifungua taratibu. Ilikuwa chupa ya maji ya dukani, imejaa, kizibo kimekazwa.

"Watoto wa Kulwa wanayakataa," akasema. "Wawili hao, wanasema yana kitu. Mimi labda nimezoea, labda ni ulimi wa uzee. Nusa wewe uliyesoma."

Nikafungua kizibo, nikasogeza chupa puani. Nikakaa hivyo kwa muda, kama mtu anayefikiri.

"Sisikii kitu," nikamwambia. "Labda kutu. Badilisha ndoo."

Akacheka mpaka akajifuta macho. "Ndoo. Mimi nimepanda mabasi mawili, nimelala Kahama, kumbe ndoo." Akaifunga chupa yake tena ndani ya kile kitenge, kwa sababu hakutaka kutuachia uchafu. Mlangoni akageuka.

"Kwa hiyo niendelee kuwapa?"

Nikamwambia, "Wape."

Kabula, harufu ya dizeli ilikuwa imeshanifikia kwenye kiti changu wakati bado anafungua fundo la kitenge, kabla kizibo hakijaguswa.